Mimi Si Yai

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nilipewa na muuguzi wa wodi siku ya kuruhusiwa. Alinielekeza vizuri: ukurasa wa kushoto niandike presha ya asubuhi, wa kulia presha ya jioni, chini yake vidonge nilivyomeza. Presha nimeandika siku mbili. Leo naanza kuandika yale yanayoipandisha.

Nijieleze kwanza, nisije nikafa wakasema daftari ni la mtu mwingine. Nina miaka hamsini na saba. Ni dobi wa hospitali, huu mwaka wa ishirini na saba. Ukiwahi kulazwa pale, shuka uliyolalia imepita mikononi mwangu, na kazini hawaniiti jina, wananiita Mama Shuka. Wiki tatu zilizopita nilikuwa nachomoa shuka mbichi kwenye mashine kubwa, kifua kikanibana kama mtu kanikalia. Nikasema ni gesi tu. Nikamalizia mzigo, ndipo nikaanguka. Daktari alisema ni mshtuko wa moyo, na kwamba bahati yangu ni kuangukia hospitalini.

Daktari huyo kanipa barua. Kuna darasa la mazoezi ya wagonjwa wa moyo hapohapo hospitalini, Jumanne na Alhamisi saa tatu asubuhi, kwa wiki kumi. Nafasi ni kumi na sita na wanaozisubiri ni wengi, kwa hiyo ukikosa mara tatu unafutwa, anaingia mwingine. Akaniambia, "Vidonge vitakulinda, Mama, lakini mazoezi ndiyo yatakurudisha kwenye mashine zako." Basi. Nataka kurudi kwenye mashine zangu nikiwa nimesimama, niinue shuka mbichi kama zamani. Sina ombi jingine.

Darasa linaanza Jumanne ya wiki ijayo, tarehe 11. Barua ninayo mfukoni na sitaitoa huko.

Jumatano, 5 Machi

Dada yangu mkubwa amehamia kwangu tangu nilazwe, na hajasema anaondoka lini. Amenipangia kiti karibu na dirisha. Nikiinuka, anauliza, "Unakwenda wapi?" Nikisema chooni, ananifuata. Nikikohoa, anaita majirani. Leo wamekuja sita, wakakaa kimya wakiniangalia kama maiti iliyochelewa kuzikwa. Mmoja akasema nimebaki mifupa. Mifupa! Mimi ambaye kiti kinalia nikikikalia.

Nilimwonyesha Dada barua. Aliisoma mpaka mwisho, midomo ikicheza, akanirudishia.

"Mtu ametoka kaburini juzi, leo wanamwambia akaruke."

"Si kuruka, Dada. Ni kutembea na kujinyoosha."

"Moyo ulioumia unapumzishwa, mdogo wangu. Huwezi kuwa na kidonda mguuni ukakipeleka kwenye mpira."

Binti yangu alikuwepo, nikamwangalia anisaidie. Akasema, "Mama, labda Mamkubwa ana haki. Si usubiri kidogo upate nguvu?" Nikamuuliza hizo nguvu zitaletwa na nani hapo kitini. Akaenda kazini.

Alhamisi, 6 Machi

Presha 138 kwa 86. Kiti. Dirisha. Kiti.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefanya upumbavu ambao sijawahi kuuona kwa dobi yeyote, na nitauandika wote.

Dada alikwenda sokoni. Soko liko juu ya kilima kifupi tu, lakini yeye akienda hurudi baada ya saa mbili, nadhani anasimama na kila mtu kumsimulia moyo wangu. Nikasema leo ndiyo leo, nikajaza beseni, nikatumbukiza nguo zangu mwenyewe. Siku zote ananifulia yeye, na anafua vibaya, Mungu amsamehe. Nilifua haraka haraka nikitega sikio mlangoni kama mwizi. Raha niliyoipata siwezi kuieleza. Povu, maji, mikono yangu inafanya kazi.

Nilipokamua gauni la kahawia nikasikia kitu kigumu mfukoni. Barua. Imekuwa uji. Muhuri umeyeyuka, saini ya daktari imekuwa wingu la buluu.

Miaka ishirini na saba nawapigia kelele wasichana kazini, "Mifuko! Angalieni mifuko kabla hamjatia maji!" Nimekuta humo mikasi, meno ya bandia, hata pete ya ndoa ya bwana mmoja mkubwa. Mganga hajigangi. Nimeianika juu ya kioo, lakini hata mimi najua kinachoweza kunyooshwa na kisichoweza.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda hospitali kwa karani wa darasa. Yuko nyuma ya dirisha dogo lenye tundu la kuongelea, tundu lenyewe liko usawa wa kitovu, inabidi uiname kama unaomba msamaha.

Nikamwonyesha barua yangu. Akaishika kwa ncha ya vidole.

"Hii ni nini, Mama?"

"Ni barua ya daktari. Imelowa."

"Muhuri hauonekani. Nahitaji barua halisi."

"Ndiyo yenyewe halisi. Imelowa kihalisi."

Hakucheka. Akasema daktari yuko likizo mpaka mwezi ujao. Nikamwomba aangalie kama wodi walishamletea jina langu. Akafunua kitabu, akasema jina limo, lakini bila barua siwezi kuingia kesho. Nikasema basi niache nije Alhamisi na barua nyingine. Akasema sawa, lakini kesho nitahesabiwa nimekosa.

"Nimekosaje, wakati wewe ndiye unayenizuia kuingia?"

"Jina limo, Mama. Jina likiwemo na mtu hayupo, amekosa."

Niliinama kwenye lile tundu mpaka kiuno kikaniuma, nikamwambia niliyonayo moyoni. Presha niliporudi: 151 kwa 94. Naiandika ili daktari ajue ni ya nani.

Jumanne, 11 Machi

Nimekosa moja. Kwa utaratibu.

Jumatano, 12 Machi

Muuguzi wa wodi, yule wa daftari, ameniandikia barua nyingine na kumfuata mganga mkuu mwenyewe akagonge muhuri. Nilimuuliza nimshukuruje. Akasema, "Nenda tu, Mama. Kila kumi tunaowaandikia, hawafiki watano." Mvua za kwanza zimeanza jioni hii.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefika!

Chumba cha mazoezi kiko ghorofa ya pili na lifti imekufa tangu mwaka jana. Ngazi arobaini na nne, nimezihesabu. Yaani mwenye moyo mbovu apande ngazi arobaini na nne kwenda kufundishwa kupanda ngazi. Nilipumzika mara mbili. Kwenye kituo cha pili nilimkuta mzee mrefu amejishikilia ukutani, anahema. Akasema, "Jirani, wakitukuta tumekufia hapa wataandika tumekosa." Nikampenda palepale. Ni seremala mstaafu, na kwa kuwa hamalizi dakika bila kutaja randa yake aliyoinunua ujanani, mimi nimemwita Randa. Analetwa na mwanawe kwa gari.

Mwalimu wa mazoezi ni msichana mwembamba mwenye filimbi shingoni. Haipulizi kamwe, lakini jina ameshalipata, Filimbi. Wengine ninaowakumbuka ni mama mwenye bucha, ana mikono minene kuliko yangu, na mwalimu mstaafu wa shule ya msingi anayesahihisha Kiswahili cha kila mtu huku akijinyoosha.

Suruali ndiyo iliyonitesa. Tangu nizaliwe sijavaa suruali mbele ya wanaume. Binti yangu ndiye aliyeninunulia, pamoja na raba nyeupe, akanipa kisirisiri Dada asione. Niliivaa chini ya gauni, nikafika, nikasimama chooni nikiwaza nivue gauni au nisivue. Kisha nikawaza kwamba hospitali hii nimefua nguo za ndani za mahakimu. Nikavua gauni.

Tulikaa na kusimama kwenye kiti mara kumi, tukatembea kuzunguka chumba, tukanyoosha mikono. Basi. Nimerudi nyumbani nimechoka kama niliyelima, na nimefurahi mno.

Jumanne, 18 Machi

Leo mashine ya kutembea. Nitaandika kesho.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua kubwa. Sikwenda.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua.

Jumamosi, 22 Machi

Filimbi amepiga simu. Ameuliza kama mimi ni mzima. Nikasema mvua ilinizuia. Akasema, "Sawa, Mama Shuka. Umekosa mbili. Tafadhali usikose ya tatu, sitakuwa na uwezo."

Dada alisikia upande wangu wa mazungumzo. Akaja na chai, akasema kwa upole kabisa, "Umeona sasa? Mwili wenyewe umekukatalia." Upole wake uliniudhi kuliko makaripio yake yote.

Jumapili, 23 Machi

Alhamisi mvua haikunyesha.

Naandika mara ya pili ili nisijidanganye tena: Alhamisi mvua haikunyesha, lilikuwa jua kali, hata Dada alianika mito. Niliogopa.

Jumanne ile nilipanda kwenye mashine. Mkanda ukaanza kwenda, nami nikaenda nao, dakika ya kwanza, ya pili. Dakika ya tatu moyo ukaanza kudunda, nikausikia mpaka masikioni, nikakumbuka sakafu ya chumba cha kufulia ilivyokuwa baridi shavuni siku niliyoanguka. Nikaona ninakufa. Nikashuka mkanda ukiwa bado unakwenda, nusura nivunjike, nikasema nakwenda kunywa maji, nikateremka ngazi zote na kwenda zangu nyumbani nikiwa na suruali hadharani, gauni mkononi.

Siku zote namlaumu Dada, karani, ngazi. Kosa la kwanza ni la karani. La pili ni langu mwenyewe, na niliandika mvua kwenye daftari langu, ambalo halisomwi na mtu! Mwoga gani huyu anayedanganya karatasi? Nimekasirika. Nikikasirika huwa siogopi, kwa hiyo acha nikasirike mpaka Jumanne.

Jumanne, 25 Machi

Nilimwendea Filimbi kabla darasa halijaanza, nikamwambia kweli yote mbele ya watu. Nilitegemea wacheke. Mama wa bucha akasema yeye alikimbia mara ya kwanza, akajificha wodi ya wazazi. Randa akasema yeye hakukimbia kwa sababu hawezi kukimbia. Mwalimu mstaafu akasema neno sahihi ni "kutoroka".

Filimbi akanishika kiganja, tukahesabu mapigo pamoja. Akaniambia moyo kudunda mtu akitembea ni kazi yake, ndiyo mshahara wake. Kisha akanifundisha kipimo kisichohitaji mashine. Ukitembea ukaweza kuongea lakini huwezi kuimba, hapo ndipo. Ukiweza kuimba, unazembea. Ukishindwa kuongea, umezidisha, punguza. Nikapanda mkanda. Alisimama pembeni akiniuliza maswali ya kufua, jinsi ya kutoa damu kwenye shuka, jinsi ya kutoa dawa ya njano. Nilimjibu yote. Nilipotazama saa, dakika nane zimepita.

Alhamisi, 27 Machi

Dakika kumi.

Jumatatu, 31 Machi

Nimerudi kazini, kazi nyepesi. Msimamizi ameniwekea kiti. Kiti tena! Nakaa nakunja mifuko ya mito, na wasichana wananipitia kwa kunyata. Kukunja shuka ni kazi ya watu wawili, mnashika pembe, mnarudi nyuma, mnaikung'uta mpaka ipige kofi, mnakutana katikati. Leo nilipoinuka nishike pembe, msichana akaikumbatia shuka yote peke yake akasema, "Tulia tu, Mama, tutakuita." Nililia kidogo nyuma ya kapu la nguo chafu. Naandika tu, sioni haya.

Nilimwambia msimamizi kuhusu Jumanne na Alhamisi. Akakuna kidevu.

"Saa tatu ndiyo nguo za upasuaji zinashuka."

"Nitakuja saa kumi na moja alfajiri, nizitangulize za wodi."

"Na ukianguka tena huko ngazini, mkuu ataniuliza nani alikuruhusu. Ungesaini basi karatasi kwamba lolote litakalotokea si juu yetu."

"Mkuu wangu, mimi nilianguka hapa, kwenye sakafu yako, nikifanya kazi yako, na hakuna aliyeniomba karatasi. Nimetumika miaka ishirini na saba bila kuomba hata saa moja. Naomba saa mbili kwa wiki. Ukikataa, nitakwenda hivyohivyo, na unifukuze mbele ya wasichana hawa wote."

Wasichana walikuwa wameacha kukunja. Mashine zilikuwa zinanguruma peke yake. Akatazama huku, akatazama kule, akasema nisichelewe kurudi.

Alhamisi, 3 Aprili

Juzi na leo nimekwenda, nimerudi, sikuchelewa. Dakika kumi na mbili. Mvua sasa ni kila siku, kwa kweli, si ya kuandika.

Jumanne, 8 Aprili

Asubuhi raba hazipo. Nimetafuta chini ya kitanda, juu ya kabati, kwenye ndoo. Dada amekaa anachambua mchele, hainui uso. Nikamuuliza. Akasema, "Raba? Raba zipi?" Mtu wa miaka sitini na mitatu.

Sikubishana. Nilitoka na mabuti ya mpira ya kufulia, yale marefu mpaka magotini. Nilifanya mazoezi na mabuti, kwach kwach chumba kizima. Filimbi alijaribu kukataa, akaniangalia usoni, akaacha. Niliporudi raba zilikuwa zimepangwa mlangoni, zimesafishwa. Hatukusemeshana mpaka chakula cha jioni.

Alhamisi, 10 Aprili

Kwach kwach imeniletea sifa. Mama wa bucha anataka mabuti kama yangu.

Jumanne, 15 Aprili

Mahali pa Randa amesimama bwana nisiyemjua.

Nikauliza. Filimbi akasema kwa sauti ya chini kwamba Randa amekosa ya tatu. Mwanawe amebadilishiwa zamu, hakuna wa kumleta, na peke yake barabara hizi zilizojaa maji hawezi. Amefutwa. Huyo bwana mpya maskini hana kosa, lakini nilimchukia saa nzima.

Nilimpigia Randa simu nilipofika kazini.

"Uko wapi?"

"Kitini, jirani." Akacheka, kisha hakucheka tena. "Wananipenda sana hapa nyumbani. Wananiletea kila kitu mpaka nilipo."

Najua upendo huo. Kwangu upo, unaficha raba.

Jumanne, 22 Aprili

Saa mbili na nusu asubuhi nampigia Randa. Namwambia simama, kaa, simama, kaa, nahesabu mpaka kumi, simu ameiegemeza kwenye kikombe. Mkwewe anamuuliza anaongea na nani, anajibu, "Na bosi." Amefutwa kitabuni, miguu haijafutwa.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimechoka, lakini ya leo siyaachi yapoe.

Mvua ilinyesha tangu juzi bila kupumua. Asubuhi binti yangu alipiga simu kutoka kazini, alitoka alfajiri, akasema kule bondeni maji yamefunika barabara, magari yote yamesimama. Nikavaa suruali. Nikafunga raba. Kuna njia ya juu, inazunguka nyuma ya shule, mwendo wa saa nzima kwa mguu. Nikaenda mlangoni, umefungwa. Nikageuka, nikamwona Dada anautumbukiza ufunguo kifuani.

"Leo huendi," akasema.

"Dada, nikikosa leo ni ya tatu."

"Ikiwa ya tatu si basi? Ungekuwa na barabara ungesema. Huna barabara. Mungu mwenyewe amefunga, mimi nimefuata tu."

"Nipe ufunguo."

"Ukifia njiani, nitawaambia nini watu?"

"Waambie alikuwa anakwenda!" Nilipiga kelele mpaka nikajishangaa. "Hivi hapa mimi ni nani? Nimekuwa yai! Nabebwa, nafunikwa, nawekwa pembeni. Mimi si yai, Dada. Nipe ufunguo, au natoka dirishani, na nikivunjika kiuno utanilea mpaka ufe wewe!"

Alikaa kwenye kile kiti changu cha dirishani, akaanza kulia kimyakimya, mabega tu yakitikisika. Sijamwona akilia tangu mazishi ya mama yetu.

"Unadhani hiyo karatasi siijui?" akasema. "Mimi nilipewa kama hiyohiyo."

Nikasema, karatasi gani?

"Miaka sita iliyopita. Nilipolazwa."

"Ulilazwa vidonda vya tumbo."

"Nyinyi niliwaambia vidonda vya tumbo."

Ilikuwa moyo. Alipewa barua ya mazoezi huko kwao, na marehemu shemeji akamwambia mwanamke mzima haendi kurukaruka mbele ya watu, akae, watoto wapo, watamfanyia. Akakaa. Alisubiri apate nguvu kwanza. Kila mwaka nguvu zikapungua, na kila zilipopungua akaona alifanya vizuri kukaa. Sasa kilima cha sokoni anakipanda kwa kupumzika mara nne, na anaomba njiani asikutane na mtu wa kumuuliza kwa nini amesimama.

Zile saa mbili za soko! Mimi niliandika humu kwamba anakwenda kusengenya.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," nikamwambia, na sikusema kwa kumcheka.

"Nakuogopea kwa sababu najua kinavyobana," akasema. "Wewe unadhani nakuonea wivu?"

"Na wewe unadhani kukaa kumekusaidia?"

Alitoa ufunguo, umepata joto. Akachukua mwavuli. "Siendi mazoezini," akasema. "Nakusindikiza tu."

Tulikwenda kwa mwendo wake. Nilimwambia anitukane njia nzima, na akiona matusi yanakata pumzi aniambie tupunguze. Alianza na habari za utoto wetu, akaja kwenye mabuti, akamalizia na suruali. Aliishiwa pumzi mara sita, tukasimama mara sita. Nyuma ya shule tope lilitufika vifundoni. Saa nzima ikawa saa moja na nusu. Ngazi arobaini na nne tulizipanda kama watu wanaohamisha kabati, hatua moja, neno moja.

Juu, mlango wa darasa umefungwa kwa kufuli. Umeme hakuna. Mezani kwenye korido wapo mama wa bucha na mwalimu mstaafu tu, wanaokaa upande huu wa bonde. Filimbi amekwama ng'ambo. Na karani ameshapita, akasema darasa halina mtu na amefunga kitabu: wote wamekosa.

Niliegemea ukuta. Nimelowa mpaka ndani, na nimefutwa. Dada alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mwisho, anahema, ananitazama. Nikajua nikikaa hapo pembeni yake, tutakaa wote wawili mpaka tuzikwe.

"Haya," nikasema. "Inukeni. Korido ni ndefu kuliko chumba."

Tulitembea koridoni, kwenda na kurudi, mbele mimi, nyuma mama wa bucha, kisha mwalimu akihesabu mizunguko. Mlinzi akaja na tochi akasema hapa hairuhusiwi, watu hawatembeitembei bila kibali. Nikamwambia kibali ni mimi, sare zake za ulinzi nazo ninazifua mimi, akitaka atukamate, lakini itabidi atembee nasi kwa sababu hatusimami. Alitufuata mzunguko mmoja mzima kabla hajakumbuka ana kazi. Tulipokuwa kwenye mzunguko wa saba, nilisikia nyuma yangu hatua nyingine, nzito, za kuburuta. Sikugeuka. Nilipunguza mwendo tu.

Mwisho mwalimu akatoa karatasi na kalamu mfukoni, akasema darasa bila mahudhurio si darasa. Akatuita mmoja mmoja, tukaitika "Nipo!" kama watoto. Akaandika majina kwa mwandiko wa ubaoni, tarehe, saa, idadi ya mizunguko, akaipitisha karatasi chini ya mlango.

Jumanne, 29 Aprili

Barabara imefunguka. Dada amenisindikiza tena, kwa gari safari hii, akasema anakuja kuona tu kama ngazi ni zilezile.

Filimbi alikuwa amesimama katikati ya chumba, karatasi ya mwalimu mstaafu mkononi, ina alama ya kiatu. Karani yuko pembeni na kitabu chake. Karani akasema kwa kitabu chake Mama Shuka amekwisha. Filimbi akamjibu kwamba siku mwalimu wa mazoezi asipofika, hakuna mgonjwa aliyekosa, na waliotembea kwenye mafuriko ili wakute kufuli yeye hawezi kuwafuta, aende akamshtaki kwa mganga mkuu. Msichana mwembamba yule! Akachukua kitabu, akakata kosa langu kwa mstari mmoja. Nilikaa chini, na safari hii haikuwa moyo.

Kisha akarudi kwenye karatasi. Akasoma jina langu, la mama wa bucha, la mwalimu, akasita.

"Na huyu wa nne ni nani? Hayumo kwenye orodha yangu."

Mlangoni, akiwa bado anahema kwa zile ngazi, mkono mmoja ukutani, Dada akasema, "Ni mimi. Niandike."

"Mama, nafasi zimejaa. Na inatakiwa barua ya—"

"Barua nilipewa miaka sita iliyopita, mwanangu, nikaikalia. Wewe niandike. Hiyo nyingine itanikuta nimesimama."

Filimbi alimpima presha kwanza, akaipima tena, akasema leo ni kutembea polepole tu mpaka daktari amwone. Halafu akaandika namba kumi na saba, nje ya mstari, chini kabisa ya ukurasa.